Kituo cha anga, roketi, ndege au mnara: jaribio lako liende wapi?

Anayepata wazo la jaribio linalohitaji mahali pasipo na uzito hufikiria kwanza kituo cha anga. Ndicho tunachokiona kwenye picha: wanaanga wanaelea, maji yanajiviringa kuwa tone kubwa, nywele zimesimama kichwani kama za mtu aliyeshtuka. Lakini kituo ni njia moja kati ya kadhaa, na mara nyingi siyo inayofaa. Ulinganisho huu ni kwa mwanafunzi, mwalimu au mtafiti aliye na swali mkononi na hajui alipeleke wapi. Ni pia kwa yeyote anayejiuliza kituo cha anga kina kazi gani hasa, kwa sababu kazi yake huonekana vizuri kikiwekwa kando ya vitu vingine vinavyoweza kufanya sehemu ya kazi ile ile.

Msimamo wangu nausema mapema. Kituo cha anga kinakupa vitu viwili ambavyo njia nyingine hazikupi kwa pamoja: muda mrefu na mikono ya watu. Kama swali lako halivihitaji vyote viwili, ipo njia ya haraka zaidi, na karibu kila mara ni ya gharama ndogo zaidi.

## Uzito unapotelea wapi?

Wengi huamini kwamba kituo kiko mbali mno hata mvutano wa dunia haukifikii. Sivyo. Kituo cha Kimataifa cha Anga, maarufu kama ISS, huzunguka kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, na kwa kimo hicho mvutano wa dunia bado una karibu asilimia 90 ya nguvu yake ya hapa chini. Kungekuwa na ngazi ya kilomita 400, ukapanda na kusimama kileleni, ungejisikia mzito karibu kama kawaida. Wanaanga huelea kwa sababu wao na kituo chao wanaanguka pamoja, saa zote. Kituo kinakwenda mbele kwa takriban kilomita 28,000 kwa saa, hivyo kila kinavyoanguka, uso wa dunia nao unapinda chini yake na hakigongi ardhi kamwe. Huizunguka dunia mara moja kila dakika 90 na kidogo, na waliomo huona jua likichomoza karibu mara 16 kwa siku.

Ukishalielewa hilo, njia zote ninazolinganisha hapa utaziona ni jambo moja. Zote ni namna ya kuanguka. Zinatofautiana kwa muda unaopewa kabla ya kusimamishwa, na kwa nani yuko karibu na kifaa wakati kinaanguka.

## Mnara: sekunde tano zilizo safi

Mjini Bremen, Ujerumani, kuna mnara mweupe mwembamba wa mita 146 unaoendeshwa na kituo cha utafiti kiitwacho ZARM. Ndani yake limesimama bomba la chuma ambamo kitu huanguka mita 110. Jaribio hufungwa ndani ya kapsuli ndefu yenye betri, kamera na kompyuta yake, kisha kapsuli hupandishwa hadi juu. Milango inafungwa na pampu zinaanza kunyonya hewa ya bomba zima, kazi inayochukua zaidi ya saa moja. Hewa lazima itoke, kwa sababu hata upepo mdogo unaoipinga kapsuli ungerudisha uzito kidogo na kuharibu vipimo. Halafu kapsuli inaachiwa. Inaanguka kwa sekunde 4.74 na kuzama ndani ya pipa refu lililojaa chenga nyeupe za plastiki nyepesi, zile zinazokinga televisheni ndani ya boksi lake. Siku yenye kazi nyingi wanaangusha mara tatu.

Kuna namna ya kuongeza muda: badala ya kuangusha kutoka juu, kapsuli hurushwa kutoka chini kwa manati, ikapanda na kushuka ndani ya bomba lile lile, na muda unafika sekunde 9 na zaidi. Marekani nayo ina shimo la namna hii huko Cleveland, Ohio, mali ya NASA, shirika la anga la Marekani, linalotoa sekunde 5.18 na limekuwa likitumika tangu miaka ya 1960.

Sekunde tano ni chache, lakini moto hauhitaji zaidi ya hapo kukuonyesha tabia yake. Hapa chini mwali wa mshumaa ni mrefu na wa njano kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi. Inapanda, na hewa mpya inaingia kutoka chini kuujaza mwanya. Ondoa uzito, na hewa ya moto haijui tena juu ni wapi. Mwali unajikunja kuwa duara dogo la buluu, unaoishi kwa oksijeni inayoufikia polepole kutoka kila upande. Mabadiliko hayo yanaonekana mara tu kapsuli inapoachiwa. Vimiminika navyo hujipanga upya haraka, na wahandisi wa matanki ya roketi wamejifunza mengi kwa njia hii.

Ubora wa kutokuwa na uzito ndani ya mnara ni mkubwa ajabu. Mtetemo uliobaki ni kama sehemu moja ya milioni ya uzito wa kawaida, usafi ambao hata kituo cha anga hujitahidi kuufikia. Udhaifu wake ni mbili: muda, na kishindo cha mwisho. Kapsuli inaposimamishwa na zile chenga, kila kilichomo kinabanwa kwa makumi ya mara ya uzito wake, kwa hiyo kifaa chepesi kuvunjika hakifai. Na kiumbe hai hakipati muda wa kubadilika. Bakteria haiwezi hata kugawanyika mara moja.

## Ndege: unaingia na kifaa chako

Kampuni ya Novespace ya Bordeaux, Ufaransa, ina ndege ya Airbus A310 iliyoondolewa viti vingi na kuzungushiwa magodoro ndani. Rubani anainua pua ya ndege hadi karibu nyuzi 50, anapunguza nguvu ya injini, na ndege inapita kwenye upinde ule ule ambao jiwe lililorushwa lingeupita. Kwa sekunde 22 hivi kila kilichomo kinaelea. Kabla na baada ya hapo mwili unalemewa karibu mara 1.8 ya uzito wake. Safari moja ina mipinde 31, na kwa kawaida kampeni ni safari tatu, kwa hiyo unapata mipinde 93. Ukiijumlisha ni dakika 34 hivi, ila zimekatwakatwa vipande vya sekunde 22, na katikati ya kila kipande na kingine kuna uzito mkubwa unaovuruga ulichokipanga.

Faida yake ni kwamba wewe mwenyewe upo. Ukiona bomba limelegea kwenye mpinde wa tatu, unalikaza kabla ya wa nne. Kifaa hakihitaji kubanwa kwenye kapsuli nyembamba. Watu wanaweza kuwa sehemu ya jaribio: jinsi mkono unavyokadiria kitu kinapokosa uzito, jinsi damu inavyohama kuelekea kichwani. Mashirika ya anga hujaribia humo vifaa kabla ya kuvipeleka juu, na naona hiyo ndiyo kazi yake bora zaidi.

Lakini usitarajie usafi wa mnara. Hewa inaitikisa ndege, na mtikisiko uliobaki ni kama sehemu moja ya mia ya uzito. Kukuza fuwele humo hakuna maana. Tumbo nalo lina maoni yake. Abiria hupewa dawa ya kichefuchefu kabla ya kuruka, na bado wapo wanaotapika.

## Roketi: dakika sita bila mtu

Kaskazini mwa Uswidi, karibu na mji wa Kiruna, kuna uwanja wa Esrange ambako roketi za TEXUS zimekuwa zikirushwa tangu 1977. Roketi ya aina hii haiingii kwenye mzingo, yaani haizunguki dunia. Inapanda juu hadi kilomita 250 hivi, injini zimezimika, inashuka, na sehemu yenye majaribio inatua kwa parachuti kwenye theluji. Katikati kuna dakika sita za kuanguka kwa utulivu mkubwa.

Dakika sita zinafungua mlango kwa mambo ambayo mnara hauwezi: metali kuyeyushwa na kugandishwa tena, seli za mimea kuonyesha dalili za kwanza za kutojua chini ni wapi. Mtafiti hukaa kwenye chumba cha udhibiti akitazama picha na kutuma amri kwa redio. Kama kitu kimekwama, kimekwama, na nafasi nyingine inaweza kuja baada ya miaka.

Utafiti mmoja ulipita mnara, roketi na kituo, na unazipima njia hizi kuliko maelezo yangu yote. Wanafizikia walitaka kutengeneza hali ya maada iitwayo mkusanyo wa Bose-Einstein, ambapo atomi zilizopozwa hadi karibu kabisa na sifuri halisi, baridi ya mwisho iwezekanayo, huanza kutenda kama kitu kimoja. Duniani, ukiziachia atomi hizo huru zinaanguka na kutoka nje ya eneo la kupimia. Ukiondoa uzito, zinabaki palepale na unaweza kuzitazama zaidi. Watafiti wa Ujerumani walibana maabara nzima ndani ya kapsuli ya mnara wa Bremen, na mwaka 2010 wakachapisha matokeo yao. Kisha walikipunguza kifaa tena, na tarehe 23 Januari 2017 roketi ya MAIUS-1 ikaondoka Esrange ikiwa nacho. Ndani ya dakika sita kompyuta yake ilifanya majaribio zaidi ya 100 bila mtu kugusa kitu. Mwaka 2018 NASA ilipeleka ISS maabara ya atomi baridi, na huko kazi hiyo hiyo ikaendelea siku baada ya siku. Huendeshwa kutoka California, si na wanaanga. Lakini ilipofika wakati wa kubadilisha moyo wa kifaa kwa sehemu mpya, mwanaanga Christina Koch alikuwepo kuifunga. Mnara ulithibitisha kwamba inawezekana, roketi ikathibitisha kwamba kifaa kinahimili safari, na kituo kikatoa muda.

## Setilaiti ndogo na kapsuli zinazorudi

Hapa muda unarefuka hadi wiki, miezi hata miaka, lakini mikono hakuna. Setilaiti za mchemraba, ambazo kipimo chake cha msingi ni sentimita 10 kila upande, zimefanya anga liwe karibu na vyuo vingi. Kitu kimoja tu kinazizuia: hazirudi. Unapata namba na picha kwa redio, hupati sampuli.

Kapsuli zinazorudi hutatua hilo. Kampuni ya Varda ilirusha kapsuli yake ya kwanza Juni 2023 ikiwa na kazi ya kukuza fuwele za dawa ya ritonavir, na ikatua jangwani Utah Februari 2024. Warusi walifanya hivyo kwa wanyama muda mrefu. Mwaka 2013 chombo chao cha Bion-M1 kilikaa mwezi mmoja juu kikiwa na panya, mijusi, konokono na wengineo. Kiliporudi, panya wengi walikuwa wamekufa kwa sababu ya hitilafu za vifaa vya kuwalisha na kuwatunza. Nawahurumia wale wanyama, na nawahurumia pia watafiti waliokuwa huku chini wakiwa hawana la kufanya. Kwenye kituo, mtu angefungua mlango akalitazama tatizo.

## Kituo chenyewe

Kituo cha anga ni nyumba na maabara inayokaa kwenye mzingo huku watu wakipokezana ndani yake. Cha kwanza kilikuwa Salyut 1 cha Umoja wa Kisovyeti, kilichorushwa Aprili 1971. Marekani ikafuata na Skylab mwaka 1973, Wasovyeti wakajenga Mir kuanzia 1986, na humo daktari Valeri Polyakov akakaa siku 437 mfululizo, rekodi ya safari moja ambayo haijavunjwa. Sehemu ya kwanza ya ISS ilirushwa Novemba 1998, na tangu tarehe 2 Novemba 2000 hakijawahi kuwa kitupu. Uchina ilirusha moduli kuu ya kituo chake, Tiangong, Aprili 2021, na kufikia mwisho wa 2022 kilikuwa na moduli zote tatu.

Ukubwa wa tofauti ya muda ni rahisi kuukokotoa. Siku moja tu kwenye kituo ina sekunde 86,400. Kuzipata kwenye bomba la Bremen kungehitaji kuangusha kapsuli mara 18,000 na zaidi. Kwa mara tatu kila siku bila kupumzika, hiyo ni zaidi ya miaka 16, na bado ungekuwa na vipande vya sekunde tano tano.

Matumizi ya kwanza ya muda huo ni mwili wa binadamu. Mifupa ya nyonga hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wake wa madini kila mwezi mtu asipojikinga, ndiyo maana wanaanga hufanya mazoezi karibu saa mbili kila siku. Mwanaanga Scott Kelly alikaa juu siku 340 kati ya 2015 na 2016 huku pacha wake Mark akibaki duniani, na vipimo vyao vikalinganishwa kuanzia macho hadi jeni. Hakuna mnara wala roketi ya dakika sita inayoweza kuuliza swali hilo.

Matumizi ya pili ni yale yanayokua polepole: mimea, tishu, fuwele za protini. Kampuni ya dawa ya Merck ilitumia ISS kukuza fuwele za dawa yake ya saratani, pembrolizumab, na ikapata chembe ndogo zinazolingana ukubwa kuliko zile za maabara ya chini, jambo lenye maana kwa anayetafuta namna ya kutoa dawa nzito kwa sindano. Mwaka 2016 Kate Rubins, mwanabiolojia aliyegeuka mwanaanga, alisoma mpangilio wa DNA humo humo ndani kwa kifaa kinachotosha kiganjani. Kabla ya hapo sampuli ilibidi isubiri chombo cha kuirudisha duniani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hauhusu muda bali mikono. Mei 2011 kifaa kizito cha kunasa chembe za miale ya angani, AMS, kilifungwa nje ya ISS. Kilipangiwa miaka michache tu, na waliokiunda hawakuwahi kufikiria kwamba kuna mtu atakifungua kule juu. Kisha pampu za kukipoza zikaanza kufa moja baada ya nyingine. Kati ya Novemba 2019 na Januari 2020, wanaanga Luca Parmitano na Andrew Morgan walitoka nje mara nne kukitengeneza. Zana zaidi ya 20 zilibuniwa kwa kazi hiyo tu. Mfikirie Parmitano amefungwa miguu kwenye ncha ya mkono wa roboti, glavu zake nene kama za mtu anayeshika moto, akikata mabomba manane membamba ya chuma na kuyaunganisha na mfumo mpya wa pampu, bomba kwa bomba. Walipopima, uunganisho mmoja ulikuwa unavuja. Wakaurekebisha. AMS ikarudi kazini. Kifaa kile kile kingekuwa kwenye setilaiti ya kawaida, siku pampu ya mwisho ilipokufa ingekuwa ndiyo siku ya maziko yake.

Sasa gharama. ISS inaigharimu NASA pekee takriban dola bilioni 3 kila mwaka. Mwaka 2021 shirika hilo lilipandisha bei inazotoza kampuni za kibiashara: saa moja ya mwanaanga kutoka dola 17,500 hadi dola 130,000, na kilo moja ya mzigo wa kupanda kutoka dola 3,000 hadi dola 20,000. Utafiti unaochaguliwa na mashirika ya anga hubebwa na bajeti zao, kwa hiyo mtafiti wa chuo halipi hivyo, ila bei hizo zinakuonyesha kitu adimu kule juu ni nini. Ni saa za watu. Wanaanga saba wanalala, wanakula, wanafanya mazoezi, wanatengeneza choo kilichoziba, na zinazobaki ndizo za sayansi. Jaribio linalodai nusu saa ya mwanaanga lina nafasi kubwa kuliko linalodai siku mbili.

Gharama nyingine ni utulivu na usalama. Watu hutikisa nyumba. Mmoja akikimbia kwenye mashine ya mazoezi au chombo kikija kujifunga mlangoni, mtetemo unasambaa, na majaribio nyeti hupangwa wakati wa usingizi. Kila kemikali na kila betri hukaguliwa hatua kwa hatua kwa sababu chini ya paa lile wanaishi watu wasio na mahali pa kukimbilia ila chombo walichojia. Ukaguzi huo unaweza kuchukua muda mrefu kuliko jaribio lenyewe.

## ISS au Tiangong?

Kwa anayefika hapa bado akitaka kituo, kuna milango miwili.

ISS ni kikubwa zaidi kwa mbali: tani 420 hivi, mita 109 kutoka ncha hadi ncha, watu saba kwa kawaida, maabara za Marekani, Ulaya, Japani na Urusi. Tiangong ina moduli tatu, kila moja ikiwa na tani zaidi ya 20, na watu watatu ambao huwa sita kwa siku chache za kupokezana. Lakini Tiangong ni mpya. Makabati yake ya majaribio yalipangwa baada ya Wachina kuona wenzao walipofanikiwa na walipohangaika kwa miongo miwili, na ina maisha marefu mbele yake.

Ukiwa na kamera ya kutazama dunia, njia ya kituo ina maana. ISS hufika hadi nyuzi 51.6 kaskazini na kusini mwa ikweta, Tiangong hadi 41.5. Ulaya ya kaskazini haipo chini ya njia ya Tiangong, lakini maeneo ya tropiki yapo chini ya njia zote mbili.

Mlango wa kuingilia ndio unaoamua kwa wengi. Sheria ya Marekani ya mwaka 2011 inazuia NASA kutumia fedha zake kushirikiana moja kwa moja na Uchina bila idhini maalumu, kwa hiyo wanaofanya kazi na NASA hawawezi kubisha hodi Tiangong kirahisi. Kwa wasio na kizuizi hicho, Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Masuala ya Anga za Juu ilifungua njia pande zote. Pamoja na Uchina, mwaka 2019 ilichagua miradi 9 kutoka nchi 17 kwenda Tiangong. Pamoja na Japani, ina mpango wa KiboCUBE unaoachia setilaiti ndogo kutoka maabara ya Kibo ya ISS; ya kwanza, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiwa Mei 2018. Taasisi isiyo na roketi wala shirika kubwa la anga nyuma yake ingeanzia hapo.

Upande wa kurudisha sampuli, ISS inaongoza. Chombo cha mizigo cha Dragon hurudi baharini kikiwa na sampuli nyingi, wakati vyombo vingi vingine vya mizigo, vya pande zote mbili, huteketea angani pamoja na takataka.

## Usikilazimishe kituo

Kuna maswali ambayo kituo kinayaharibu. NASA ilipotaka kuona moto mkubwa unavyosambaa bila uzito, hakuna aliyethubutu kuuwasha ndani ya nyumba ya watu. Juni 2016 waliuwasha ndani ya chombo cha mizigo cha Cygnus baada ya kuachana na ISS, kikiwa hakina mtu na kiko njiani kuteketea, na kitambaa cha karibu mita moja kikaungua mbele ya kamera. Uchina nayo imeamua darubini yake kubwa, Xuntian, iruke peke yake kwenye njia moja na Tiangong, mbali na mtetemo wa watu, iwe inajifunga kituoni wakati wa matengenezo tu. Huo nauona ni uamuzi wa busara sana: mikono ikihitajika ipo, isipohitajika inakaa mbali.

Anayetafiti mionzi ya safari za mbali naye akumbuke kwamba vituo vyote viwili vimo ndani ya uga wa sumaku wa dunia, ambao huzuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo. Ndiyo maana hamira ya mradi wa BioSentinel ilipelekwa mwaka 2022 ng'ambo ya mwezi, ndani ya setilaiti isiyozidi ukubwa wa boksi la viatu. Na mengi kuhusu mifupa na misuli yamepatikana kwa watu kulala kitandani siku 60 huko Köln, Ujerumani, kichwa kikiwa chini kwa nyuzi 6, hawainuki hata kwa kuoga.

## Basi uchague vipi

Anza na saa, si na chombo. Jambo unalotaka kuliona hutokea kwa muda gani? Likiwa ndani ya sekunde tano na kifaa chako kinahimili kishindo, nenda mnarani, urudie mara nyingi upendavyo. Likiwa la sekunde 20 na linahitaji mtu kando yake, panda ndege. Dakika chache na utulivu mkubwa: roketi. Wiki au miezi ndipo uanze kufikiria mzingo, na hapo jiulize kama kuna hatua yoyote ambayo mtu lazima aiguse, au hitilafu ambayo mtu tu ndiye atakayeitatua. Kama hakuna, setilaiti itakutosha ukihitaji data, na kapsuli ukihitaji sampuli. Kama ipo, au kama mwili wa binadamu ndio swali lenyewe, andika maombi ya kituo bila kusita.

Hata ukichagua kituo, pitia mnarani au kwenye ndege kwanza. Wakaguzi wa maombi hupenda kuona kwamba kifaa kimeshaanguka mahali fulani kikabaki kizima.

Na angalia kalenda. ISS imepangiwa kumaliza kazi mwaka 2030 kisha ishushwe baharini, na Juni 2024 NASA iliipa kampuni ya SpaceX kandarasi ya kutengeneza chombo cha kuishusha. Kampuni kadhaa za Marekani zinajenga vituo vyao vya kuirithi. Kutoka wazo hadi kurushwa, jaribio la kituoni mara nyingi huchukua miaka miwili au zaidi, kwa hiyo anayelitaka kabati ndani ya ISS aanze kuandika mwaka huu.